Premio yangu inakunywa mafuta, ama ni barabara?

SWALI: Hujambo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, kwetu ni Ahero. Nina Toyota Premio ya 2012, injini ya 1.8, niliyoinunua mkononi mwaka juzi. Aliyeniuzia aliniambia lita moja inakwenda kilomita 18. Hiyo 18 sijawahi kuiona. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari: kwenda nyumbani, kilomita 160, lita 11.5. Kurudi, barabara ile ile, lita 13.5. Hapa mjini ndiko kwenye kilio: kilomita 8.4 kwa lita. Fundi mmoja ameniandikia orodha ya sensa mbili za oksijeni, plagi nne na kuosha injekta, jumla shilingi 28,000. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Nilipe? Na ni kweli kwamba nikishuka Salgaa kwa gia ya N naokoa mafuta? Halafu niseme pia: mwaka jana gari lilichemka nikipanda kutoka Kapsoit, fundi wa njiani akatoa thamostati, akasema nchi ya joto haiihitaji. Tangu siku hiyo halijachemka tena, ila asubuhi hita inachukua muda mrefu sana kutoa joto.

JIBU: Sijambo, mwalimu. Hizo 28,000 usizitoe bado. Umenitumia namba tatu. Mbili ni za gari zima kabisa. Ya tatu ina tatizo, na sababu yake umeitaja mwenyewe katika mstari wako wa mwisho, labda bila kujua kwamba ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Tuanze na hiyo 18, kwa sababu inawanyima watu wengi usingizi. Namba za aina hiyo hutoka kwenye karatasi za Japani. Kwa miaka mingi Wajapani walipima magari yao kwa mtindo ulioitwa 10-15: gari linafungwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya maabara, injini ikiwa tayari imepata moto, eakondisheni imezimwa, na linaendeshwa kwa dakika 11. Umbali wote ni kilomita 4.16, wastani wa mwendo ni kilomita 22.7 kwa saa, na halipiti 70. Baadaye ukaja mtindo wa JC08, mkali kidogo: dakika 20, kilomita 8.17, mwendo wa juu 81.6, na sehemu yake inaanza injini ikiwa baridi. Bado ni ndani ya nyumba. Hakuna upepo, hakuna mlima, hakuna gunia la mchele kwenye buti. Vipimo hivyo ni vya kweli na vinafaa kwa kulinganisha gari na gari. Ila hakuna aliyepanda Mau katika vipimo hivyo.

Premio za 1.8 zinazoingia kwenye gereji yangu, zikiwa nzima, huwa baina ya 12 na 15 barabara kuu, na baina ya 9 na 10 mjini, kutegemea foleni na mguu wa dereva. Wewe safari yako ya kwenda ni 13.9. Ya kurudi ni 11.9. Jumlisha zote mbili: kilomita 320 kwa lita 25, yaani 12.8. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi ili kompyuta ya gari ijue kiasi cha petroli cha kutoa, ikiwa imekufa hupati 12.8 kwenye barabara hiyo ukiwa na familia ndani.

Sasa mbona kwenda na kurudi visilingane? Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,400. Ahero iko kwenye tambarare ya ziwa, karibu mita 1,150. Ukienda nyumbani unapanda mita 600 tu kupitia Salgaa, Sachangwan na Kibunja, kisha kuanzia Mau Summit ni mteremko mpaka Kericho, na mteremko tena mpaka Awasi. Ukirudi, unapanda mita 1,300 kutoka kwenye mashamba ya mpunga mpaka kwenye baridi ya Mau.

Hesabu yake si ngumu, na wewe ni mwalimu. Gari na watu wanne ni kama kilo 1,500. Kuinua uzito huo mita 1,300 kunahitaji nishati ya kama megajuli 19. Lita moja ya petroli ina kama megajuli 32, lakini injini hugeuza karibu theluthi tu kuwa kazi. Iliyobaki inatokea kwenye rejeta na ekzosi kama joto. Kwa hiyo mlima peke yake, kabla hujahesabu umbali, unakula kama lita 2. Ule upandaji wa mita 600 ukienda unakula kama lita moja. Hapo umeshapata tofauti ya lita nzima, na bado sijagusa mteremko, ambao ukielekea nyumbani ni mrefu mara mbili kuliko ule wa kurudi. Lita 2 za tofauti ulizoandika kwenye daftari zinaelezeka bila kubadilisha kitu chochote kwenye gari. Na nakushuku pia kwamba hurudi Nakuru mikono mitupu. Mtu wa Ahero akirudi mjini huja na mchele, na kilo 100 za mchele zinapanda mlima kwa petroli yako.

Usilaumu hewa nyepesi ya kule juu, ingawa watu wengi hufanya hivyo. Kweli pale Mau Summit shinikizo la hewa limepungua kwa kama robo ukilinganisha na Mombasa, na ndiyo maana gari linaonekana zito likipanda. Lakini injini yako ina sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa hiyo. Enzi za kabureta gari lilikuwa likifika kule juu linatoa moshi mweusi. Enzi hizo zimepita.

Kitu ambacho watu hawakihesabu kabisa ni matuta. Kutoka Ahero mpaka Kericho unayajua. Kila unapotoka 80 ukafunga breki mpaka 10, halafu ukakanyaga tena mpaka 80, umechoma mililita 45 hivi za petroli kurudisha mwendo ulioutupa kwenye breki. Hiyo ni vijiko vitatu vya mezani. Matuta 20 ya namna hiyo yanakaribia lita nzima. Huwezi kuyakwepa, lakini unaweza kuondoa mguu mapema. Ukiliona tuta mbele, achilia mafuta ukiwa mbali, gari lijipunguze lenyewe. Mke wangu hunilalamikia kwamba naendesha kama mzee, lakini breki zangu hudumu na tangi langu pia.

Mwendo nao una bei yake. Ukitoka 80 kwenda 110, upinzani wa upepo unaongezeka karibu maradufu, kwa sababu unapanda kwa mraba wa mwendo. Sitakuambia utambae. Nakuambia tu kwamba ukienda 90 badala ya 110 kwenye tambarare ya Awasi hadi Nyamasaria, utaiona tofauti kwenye daftari lako.

Hilo la N ukishuka Salgaa, jibu ni hapana, na naomba ulichukue kwa uzito. Ukiwa kwenye D na umeondoa mguu kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na kompyuta inafunga injekta, zile pua zinazonyunyiza petroli ndani ya injini. Petroli haiingii hata tone mpaka mzunguko wa injini ushuke karibu na ule wa kusimama. Ukiweka N, yaani gia huru, injini inakosa wa kuizungusha, inabidi ijilishe yenyewe isizime, na inatumia petroli kwa muda wote huo wa kushuka. Kwa hiyo N inakupotezea mafuta, na zaidi ya hapo inakunyang'anya uzito wa injini uliokuwa unakusaidia kushika gari. Breki zinabaki peke yao kwenye mteremko ule mrefu, zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Sachangwan na Salgaa zimezika watu wengi mno. Shuka ukiwa kwenye gia, tena ya chini ukiona gari linakimbia.

Sasa nije kwenye mji, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Hujaniambia unaishi wapi na shule iko wapi, lakini walimu wengi ninaowahudumia hapa Nakuru wana mwendo unaofanana: toka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, peleka watoto, nenda shule, kilomita nne au tano, zima. Mchana kidogo, zima. Jioni tena. Kwa gari, hizo si safari. Ni kuamka na kulala mara nne kwa siku. Injini ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli makusudi kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya chuma baridi. Mzunguko wa kusimama unapanda. Oili ni nzito. Hata giaboksi inasubiri ipate joto kabla ya kujifunga vizuri na injini. Kilomita mbili za kwanza ndizo ghali kuliko zote, na wewe unaziendesha mara nne kila siku.

Thamostati ndiyo inayofupisha kipindi hicho. Ni vali ndogo yenye nta ndani yake, inayokaa imefungwa mpaka maji yafike kama digrii 82. Ikiwa imefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu na injini inapata moto haraka. Ikifunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Ukiitoa, maji yanapitia rejeta tangu dakika ya kwanza, asubuhi ya Nakuru yenye digrii 11 au 12. Ni sawa na kuchemsha chai sufuria ikiwa imewekwa kwenye upepo. Ile hita yako inayochelewa hutumia maji hayo hayo kutoa joto. Ilikuwa inakuambia hivyo kila asubuhi.

Juni mwaka jana mteja mmoja aliniletea gari kama lako, na malalamiko kama yako. Nilichomeka kile kifaa cha kusoma kompyuta chini ya usukani, tukatoka pamoja, yeye anaendesha, mimi naangalia namba ya joto la maji. Baada ya dakika kumi mjini ilikuwa 58. Tukashika barabara ya Ngata, ikajikongoja mpaka 71. Tukageuza pale juu, kwenye mteremko wa kurudi nikaona inashuka mbele ya macho yangu: 70, 66, 63. Nikamwonyesha. Injini iliyokuwa imeendeshwa nusu saa ilikuwa inapoa ikiwa barabarani. Tulipofungua, ile nyumba ya thamostati ilikuwa tupu. Tukaweka mpya, na asubuhi iliyofuata ilipita 80 kabla hatujatoka mjini, ikatulia baina ya 84 na 88. Kwa matangi matatu yaliyofuata, namba yake ya mjini ilitoka 8.1 ikafika 9.3.

Unaweza kujipima mwenyewe bila kifaa. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, liwashe na uliache likisimama. Baada ya dakika tatu, nne, shika hosi ya chini ya rejeta kwa uangalifu, ukiwa mbali na feni kwa sababu inaweza kuwaka bila taarifa. Thamostati ikiwepo na ikifanya kazi, hosi hiyo itabaki baridi kwa muda, kisha ghafla ipate joto. Ikianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, hakuna kitu kinachozuia maji. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa.

Lakini mwalimu, usikimbilie kurudisha thamostati peke yake. Gari lako lilichemka likipanda, na thamostati ilitolewa ili lisichemke. Yule fundi wa njiani alikuvusha ukafika nyumbani, na kwa usiku ule simlaumu. Kosa ni kubaki hivyo mwaka mzima. Kilichochemsha gari bado kimo. Ukirudisha thamostati bila kukitafuta, safari ijayo ya kupanda Kapsoit itakurudisha pale pale, na safari hii unaweza kuunguza gasketi ya silinda, ambayo itafanya hizo 28,000 zionekane za karanga. Kwa hiyo kwanza: rejeta ioshwe na iangaliwe kama imeziba, kwa ndani na kwa nje katikati ya zile mbavu, maana vumbi na wadudu wa barabara hukwama pale. Feni ziwake zote. Mfuniko wa rejeta upimwe presha, kwa sababu ukilegea maji huchemka mapema, na kule juu ambako hewa ni nyepesi ndiyo zaidi. Na kama ndani mna maji ya bomba yenye rangi ya kutu, yamwagwe yote, iwekwe kulanti yenyewe, maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya bomba ya pande zetu huacha chumvi inayoziba mirija midogo. Baada ya hapo ndipo thamostati irudi, ya aina inayofunguka kwa joto lililoandikwa na mtengenezaji.

Thamostati yenyewe haifikii hata robo ya orodha uliyopewa. Nikuambie ukweli kuhusu faida yake pia, usije ukatarajia muujiza. Tuseme unaendesha kilomita 350 kwa mwezi hapa mjini. Kwa 8.4 ni karibu lita 42. Ukifika 9.5 ni lita 37. Umeokoa lita 5. Ukichukulia lita ni shilingi 180, ni 900 kwa mwezi. Si pesa za kununua shamba. Sababu kubwa kwangu ni injini: ikikaa baridi, petroli isiyoungua hupita kwenye ringi za pistoni na kuchanganyika na oili, na unyevu haukauki. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, badilisha oili siku hiyo hiyo, na uweke ile nyepesi iliyopendekezwa, 5W-30 kwa mfano, si 20W-50 ya lori ambayo gereji nyingi humwagia kila gari.

Kuhusu ile orodha. Sensa ya oksijeni hubadilishwa baada ya kusomwa. Mwombe fundi akuonyeshe kwenye kifaa ni kiasi gani kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa muda mrefu. Ikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta haina shida na injekta wala sensa. Ikiwa imefika 20 na zaidi, hapo kuna kitu cha kutafuta, na bado kinaweza kuwa hosi ya hewa iliyopasuka. Na kipimo hicho kifanywe injini ikiwa na joto lake kamili, kwa hiyo baada ya thamostati. Plagi zitolewe zitazamwe: ncha ikiwa na rangi ya kahawia hafifu na pengo halijapanuka, zirudishwe. Injekta sioni sababu ya kuziosha wakati gari linasimama bila kutetemeka na linapanda Mau bila kukohoa.

Fanya pia haya mawili kabla ya kuja kwangu au kwa fundi yeyote. Jaza upepo tairi zikiwa baridi, kwa presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, si kwa makadirio ya kijana wa kituoni. Halafu, baada ya mwendo wa kawaida usiofunga breki sana, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikitoa joto kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo haiachii. Pini za breki hukauka grisi na kujaa matope, na gari linakuwa kama mtu anayetembea akivuta ng'ombe. Hiyo inakula mafuta kuliko filta chafu ya hewa, ambayo kila mtu huikimbilia. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hilo mwaka 2009 ikakuta kwamba kwenye injini za kisasa za injekta filta iliyoziba hupunguza nguvu ya kuchomoka, lakini mafuta kwa kilomita hayabadiliki kwa maana. Badilisha filta kwa ajili ya injini, usiitarajie ikurudishie petroli.

Na daftari lako, ambalo limenifurahisha sana, lirekebishe kidogo. Umejaza Nakuru, ukajaza Ahero, pampu mbili tofauti. Pampu moja hukatika mapema, nyingine huchelewa, na gari likiwa limeinama upande mmoja tangi hupokea pungufu. Kosa la lita moja kwenye lita 12 ni asilimia 8, na hiyo inatosha kabisa kukutisha bure. Jaza kituo kimoja, pampu ile ile, acha ikikatika yenyewe mara ya kwanza, usiongeze ili kufikisha shilingi kamili. Rudisha kile kihesabu cha safari kwenye sufuri. Nenda Ahero na urudi, jaza tena pale pale, gawanya. Kwa mji, andika matangi matatu ndipo uamini wastani. Mwenye tairi kubwa kuliko za kiwandani ajue pia kwamba kilomita zake zinasomeka pungufu; 205/65 mahali pa 195/65 inapunguza kama asilimia 2.

Wengi huniuliza pia kama wanunue petroli ile ya bei ya juu. Premio hii ilitengenezwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, yenye okteni ya 90 hivi, na super yetu ya kawaida iko juu ya hapo. Hiyo pesa weka kwenye kulanti.

Rejeta, feni na mfuniko vikishakaguliwa na thamostati ikarudi, endesha matangi matatu ya mjini, kisha uniandikie namba mpya pamoja na joto la maji ulilosoma ukishuka kutoka Sachangwan. Zikibaki 8.4, hapo nitakuomba ulete gari tuangalie ile asilimia ya kompyuta pamoja, na nitaisoma orodha ya mwenzangu upya bila kinyongo.